Chujio la Masizi Haliui Injini

Kila ninapoletewa kijiko, yaani mtambo wa kuchimba udongo, kilichopoteza nguvu, mwenye mtambo huwa amekwisha kutoa hukumu: "Fundi, ng'oa hilo chujio la ekzosi, hayo ni mambo ya Wazungu." Dhana hii, kwamba kanuni kali za moshi za Marekani na Ulaya ndizo zinazoharibu mitambo, imenichosha.

Chujio hukamata masizi, na masizi huungua ekzosi ikipata moto wa kutosha. Yasipoungua, kompyuta ya injini huongeza mafuta ili joto la chujio lipande hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Mtambo unaofanya kazi nzito hujisafisha bila dereva kujua. Ule unaoachwa silensa, yaani injini ikinguruma bila kazi, tangu asubuhi, kiyoyozi kikiwaka na dereva amelala ndani, haupati joto hilo. Masizi hurundikana, presha ya ekzosi hupanda, na kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda injini. Tatizo huzidi kwa oili ya bei rahisi yenye majivu mengi, ambayo, tofauti na masizi, hayaungui kamwe na hulazimu chujio lishushwe kusafishwa. Nozeli ya mafuta inayovuja na tabo (kisukuma hewa cha injini) inayopitisha oili nazo huliziba. Bila chujio zingetoa moshi tu, na hakuna ambaye angejali. Ndiyo maana, kabla ya kushika spana, husoma kwenye kompyuta saa za silensa na saa za kazi, na zile za kwanza zikikaribia nusu ya zote, sina haja ya kuendelea kubishana.

Lawama moja ni ya haki, nayo ni ya mafuta: watengenezaji wengi wa mitambo hii hutaka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Anayenunua mtambo uliotumika Ulaya aulize hilo kabla ya kulipa.

Wapo wanaoamini kwamba ekzosi isiyotoa moshi mweusi ni safi. Si kweli, kwa kuwa chembe laini kabisa hazionekani kwa macho. Mwaka 2012 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani.

Kwenye reli nako kanuni za moshi hulaumiwa: husemwa kwamba Tier 4, kiwango kikali cha moshi kilichoanza kwa vichwa vya treni nchini Marekani mwaka 2015, hakifikiwi bila urea, kimiminika kinachopulizwa kwenye ekzosi kupunguza gesi chafu. General Electric ilikifikia kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda. Husemwa pia kwamba kanuni zimeviondoa vichwa vya zamani, wakati kanuni za shirikisho huruhusu vifumuliwe na kuundwa upya kwa viwango hafifu kuliko Tier 4, na kampuni nyingi zimechagua njia hiyo. California ilipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuvizuia, kuanzia 2030, vichwa vya dizeli vilivyofikisha miaka 23, kisha Januari 2025 ikaondoa ombi lake la idhini ya shirikisho.

Hoja kwamba treni hutumia mafuta kidogo kwa kila tani, basi iachwe bila kanuni, huchanganya hewa ukaa na masizi: kichwa kikuukuu kinachopanga mabehewa yadini hunguruma karibu na nyumba za watu. Kanuni ya Marekani ya 2008 kuhusu vichwa vya treni hudai kifaa kinachoizima injini baada ya dakika 30 za silensa, na ningekifunga kwenye kila kijiko ninacholetewa.