Mchele wa Mbarali Ukivuka Tunduma, Unafuata Kanuni za Jumuiya Ipi?

Kila tunapokutana na wafanyabiashara wa Mbeya, swali ni lile lile: "Si tuko kwenye jumuiya? Mbona bado tunadaiwa makaratasi?" Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili.

Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Ukipeleka mchele Kenya au Rwanda, unafuata kanuni za Afrika Mashariki. Ukivuka Tunduma kwenda Zambia, au Kasumulu kwenda Malawi, unafuata za SADC. Hapo ndipo wengi hujichanganya.

Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu 2005. Wanachama wamefutiana ushuru, na wamekubaliana ushuru mmoja kwa bidhaa zitokazo nje ya jumuiya. Mchele umo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, yaani zile zinazolindwa kwa ushuru mkubwa zaidi, na kiwango chake ni asilimia 75. Kiwango hicho ndicho kinachomkinga mkulima wa Mbarali na Kyela dhidi ya mchele wa bei ya chini kutoka Asia. Nchi mwanachama inaweza kuruhusiwa kutoza pungufu kwa muda, na kwa maoni yangu ruhusa hizo zinamuumiza mkulima wetu. Zitolewe kwa uangalifu mkubwa.

SADC ni eneo huru la biashara tangu 2008, yaani wanachama wanaondoleana ushuru kwa bidhaa zao, lakini si umoja wa forodha. Kila nchi ina ushuru wake kwa mataifa ya nje. Kwa hiyo afisa wa forodha wa Zambia lazima ajue: mchele huu umelimwa Tanzania, au umeshushwa bandarini Dar es Salaam ukitokea Asia? Kinachomjibu ni cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho hapa nchini hutolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Bila cheti hicho, mchele uliovunwa Ubaruku unaweza kutozwa ushuru kama wa kigeni.

Cheti hicho kishughulikie kabla ya kupakia lori. Usifungashe kwenye viroba vilivyotumika vyenye jina la nchi nyingine, maana unajitafutia maswali. Ule utaratibu wa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa Afrika Mashariki, usiutegemee Tunduma. Cheti cha afya ya mimea ni hitaji jingine, tofauti na cheti cha uasili; kinahusu wadudu na magonjwa, na msamaha wa ushuru haukifuti. Vivyo hivyo kodi za ndani za nchi unakouza: zijumlishe kwenye bei kabla ya kukubaliana na mnunuzi.