Ukoko wa birika si chumvi

Pwani yetu, Mombasa hadi Unguja, wengi huamini kuwa ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la maji ya kisima ni chumvi. Chumvi ingeyeyuka kwa maji ya moto. Huu ndiyo kwanza unazidi. Ni kalsiamu kaboneti, yaani madini ya chokaa, ambayo maji huichukua kwenye mawe ya matumbawe. Yakichemka, hewa ya ukaa iliyomo hutoka, na kalsiamu kaboneti huganda. Katika joto hilo fuwele zake nyingi huwa za umbo liitwalo aragoniti, nyembamba kama sindano. Zikikaa majini muda mrefu, huyeyuka kidogo kidogo na kujijenga upya kuwa kalsaiti: kemikali ileile, mpangilio tofauti wa atomi, ulio imara zaidi. Kusugua ni kujichosha. Mimina siki, mapovu utakayoyaona ni hewa ya ukaa ikitoka tena.