Je, wajua? Kwa nini mtaalamu wa okupesheno therapi anakuuliza "tuanze na nini leo?"

Mjomba wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea kabisa. Siku ya kwanza ya okupesheno therapi, ile tiba ya kukufundisha upya kuvaa, kula, kuoga na kazi zako za kila siku, yule dada akamuuliza, "Baba, leo tuanze na shati au na kikombe cha chai?" Mjomba akajibu, "Mwanangu, we ndo mtaalamu, niambie tu." Mi nikajua dada anaonyesha adabu tu, kumbe hapo tiba ilishaanza.

Iko hivi. Kuna kitu wanasaikolojia wanaita lokasi ya kontroli, yaani moyoni mwako unaamini usukani wa maisha yako kashika nani. Mmarekani Julian Rotter alikieleza kwa kirefu mwaka 1966 akatoa na dodoso la vipengele 29. Ukiamini yanayokupata yanategemea unachofanya, usukani uko ndani, ukiona ni bahati au ni watu wengine, uko nje. Mwaka 1978 Kenneth Wallston na wenzake wakatoa dodoso la mambo ya afya, na ule wa nje wakaugawa mara mbili: bahati, na watu wenye nguvu juu yako kama daktari au familia. Mjomba alikuwa kwenye hilo kundi la pili, usukani kamwachia mtaalamu.

Sasa kwa nini hii tiba inajali sana hilo? Kidonge ukikimeza kinafanya kazi hata kama huna raha nacho, na upasuaji unafanyiwa umelala. Ila huku dawa yenyewe ni wewe kufanya, tena nyumbani, mara nyingi kwa siku, mtaalamu akiwa hayupo. Anayesubiri aponeshwe kwanza ndo aanze kuvaa, mkono unazidi kusahau.

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walijaribu kitu kwenye nyumba ya wazee kule Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja wakakumbushwa kwamba maamuzi ni yao, kila mtu akachagua mmea autunze mwenyewe na siku ya kuangalia sinema, wa ghorofa nyingine wakapewa mimea ila manesi ndo wakawa wanaimwagilia. Baada ya wiki 3 wale wa kuamua wenyewe walikuwa wachangamfu zaidi. Mmea tu jamani!

Kwa mjomba mmea wake ulikuwa shati. Unalilaza mapajani, unaingiza kwanza mkono uliolegea, unaupandisha mpaka begani, ndo mzima unafuata, na kuvua ni kinyume chake, mzima unatangulia. Dada alianza na shati pana lisilo na vifungo makusudi ili mjomba ashinde siku hiyohiyo, maana imani ya "naweza" haiji kwa kuhubiriwa, inakuja ukishaweza kidogo. Kazi ngumu ilikuwa kwa mkaza mjomba, ambaye kwa upendo alikuwa anamvalisha na kumlisha, akaambiwa "mama, kaa hapo, usimsaidie mpaka aombe." Alikaa kashika mikono yake mwenyewe, machozi yanamlenga.

Na tusichanganye, kusema "Mungu akipenda" sio kukosa usukani, mjomba alikuwa anasema hivyo huku anavuta mkono wa shati. Pia sio haki kumwambia mtu kila kitu ni juu yake, kwa sababu kuna mishipa ya fahamu isiyorudi na kuna ngazi ambazo kiti cha magurudumu hakipandi hata ukiamini vipi, na mtu akibebeshwa yote hayo anaishia kujilaumu.

Siku hizi mjomba anavaa shati la vifungo, anaanzia cha chini kwa sababu anakiona. Kile cha shingoni bado kinamshinda, anaita mjukuu aliyemchagua mwenyewe, anamwambia "nifungie hiki kimoja tu, vingine niachie."