Si kila mbegu huanikwa

Wapo wanaoshikilia kwamba mbegu ya mti sharti ianikwe juani ikauke kabisa ndipo ipandwe. Imani hiyo ina asili yake: mahindi yenye unyevu huvunda ghalani. Hata mbegu ya mbuyu hustahimili ukavu, ila ganda lake gumu hutaka kukwaruzwa au kurowekwa maji moto. Kokwa ya embe ni kinyume. Ikikauka, hufa, ipande mbichi, siku chache baada ya kulila embe. Kwenye baridi ya bara itachelewa kuota kuliko pwani.

Ukitaka kuhakikisha, pasua ganda: kiini kigumu, cheupe, kina uhai, kilichosinyaa kikawa cheusi hakioti. Au panda kumi mbichi na kumi kavu, udongo uleule, uhesabu baada ya miezi miwili.