Kitindamimba aliyemzidi baba umri: dhana potofu kuhusu Biblia

Fungua Mambo ya Nyakati cha pili, sura ya 21. Yehoramu, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa kwa ugonjwa wa matumbo. Jumla miaka 40. Sasa nenda sura ya 22. Wakaaji wa Yerusalemu wanamtawaza Ahazia, mwanawe wa mwisho, kwa sababu kaka zake wote wameuawa. Ana miaka mingapi? Arobaini na miwili. Kitindamimba kamzidi baba yake miaka miwili, na hao kaka zake waliomtangulia kuzaliwa sijui tuwaweke wapi.

Kitabu cha pili cha Wafalme, 8:26, kinampa Ahazia huyohuyo miaka 22, na hapo hesabu inakaa, japo kwa kubanwabanwa.

Nimeanza na Ahazia kwa sababu hahitaji ujue Kiebrania wala uwe na chuki na dini ya mtu. Anahitaji kujumlisha tu. Mtu akiniambia Biblia ni maktaba ya kale, yenye mashairi, sheria, nasaba na masimulizi ya watu waliokuwa wakimtafuta Mungu wao, sina neno naye. Ninalolihoji ni dai kwamba kila sentensi yake imetoka mbinguni na haina kosa. Dai la namna hiyo linapimika, na hapa chini ni baadhi ya dhana zinazolizunguka. Moja au mbili ni za upande wangu, wa wasioamini, nazo nitazigusa bila huruma.

Dhana: Hayo ni makosa ya wanakili tu, maandiko ya asili yalikuwa kamili

Kwa Ahazia huenda ni kweli. Mkono wa mnakili uliteleza, na tafsiri kadhaa za siku hizi zimeandika 22 na kuweka tanbihi chini ya ukurasa. Wanateolojia wa kiinjilisti waliokutana Chicago mwaka 1978 waliliweka jambo hili wazi katika tamko lao: uvuvio, yaani pumzi ya Mungu katika maandiko, kwa maana yake kamili unahusu maandiko ya asili.

Shida ni kwamba maandiko hayo ya asili hayapo. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotoka mkononi mwa Isaya au Paulo. Kipande ambacho mara nyingi hutajwa kuwa cha zamani kuliko vyote vya Agano Jipya kimehifadhiwa Manchester. Ni kijipande cha mafunjo kinachoenea kiganjani, chenye maneno machache ya Yohana 18, na wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Ukitaka Agano Jipya zima katika nakala moja, inabidi usubiri hadi karne ya 4, nakala iliyotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Anayetetea ukamilifu wa maandiko ya asili anatetea kitu ambacho hakuna mtu aliye hai amekiona, na bei anayolipa ni kukiri kwamba kile kilichopo mkononi kina kasoro.

Na kasoro zenyewe haziishii kwenye tarakimu. Katika nakala ile ya Sinai, na katika ile ya Vatikani ya karne hiyohiyo, Injili ya Marko inakatika 16:8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, hawamwambii mtu neno, kwa maana waliogopa. Basi, imekwisha. Aya 12 zinazofuata, zile za kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika, ni nyongeza ya baadaye. Huko Marekani wamekufa wahubiri kwa sumu ya nyoka waliowashika ibadani wakizitii aya hizo. Walitii maneno ambayo Marko, kwa ushahidi tulio nao, hakuyaandika.

Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, kile cha "asiye na dhambi awe wa kwanza kumtupia jiwe", nacho hakimo katika nakala za kale kabisa za Yohana. Nakipenda kisa hicho, sitaficha. Kupendeza kwake hakukiingizi katika nakala za awali. Kuhusu 1 Yohana 5:7, katika toleo linalowataja watatu washuhudiao mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, msomi Mholanzi Erasmus aliiacha nje alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516 na tena 1519, kwa kuwa hakuikuta katika nakala zake za Kiyunani. Alilalamikiwa sana. Mwaka 1522 akaiingiza.

Dhana: Biblia ni tafsiri ya tafsiri, imechakachuliwa hata haijulikani ilisema nini

Hii ni yetu sisi wasioamini, na tuiache. Tafsiri za kisasa zilizo makini hufanywa moja kwa moja kutoka Kiebrania, Kiaramu na Kiyunani. Nakala za mkono za Kiyunani za Agano Jipya, nzima na vipande, zinazidi 5,000, na ni kwa kuzilinganisha hizo ndipo nyongeza nilizotaja zikagunduliwa. Gombo la Isaya lililopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lina umri wa kama miaka 1,000 zaidi ya nakala za Kiebrania zilizotegemewa kabla yake, na kwa sehemu kubwa linakubaliana nazo.

Ila mapango yaleyale yametoa pia vipande vya Yeremia wa Kiebrania vinavyofuata toleo fupi, lile lililojulikana kwa Kiyunani tu, ambalo ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane na limepangwa kwa utaratibu mwingine. Kulikuwa na matoleo mawili ya nabii mmoja, yote yakisomwa na watu wacha Mungu. Lipi lilishuka kutoka mbinguni?

Na hata nakala ingekuwa safi kiasi gani, kunakiliwa vizuri na kuwa kweli ni mambo mawili. Uvumi ukinakiliwa bila kukosea herufi unabaki uvumi.

Dhana: Injili ziliandikwa na mashahidi wa macho

Hakuna hata moja kati ya nne inayomtaja mwandishi wake kwa jina ndani ya simulizi. Majina Mathayo, Marko, Luka na Yohana ni mapokeo ya kanisa. Luka mwenyewe anasema waziwazi katika aya zake za kwanza kwamba anaandika aliyopokea kutoka kwa walioona, na kwamba wengine wengi wameandika kabla yake. Mathayo naye amechukua takribani aya 600 kati ya 661 za Marko, mara nyingi kwa maneno yaleyale. Mtume aliyetembea na Yesu anakopaje kiasi hicho kutoka kwa mtu ambaye hata mapokeo hayamhesabu kati ya wale Kumi na Wawili? Wasomi wengi huweka Marko karibu na mwaka 70, na nyingine tatu baada ya hapo.

Torati ya Musa ni hadithi hiyohiyo kwa ufupi zaidi. Kumbukumbu la Torati 34 inasimulia kifo cha Musa na kusema hakuna ajuaye kaburi lake "hata leo". Mwanzo 36:31 inaorodhesha wafalme wa Edomu waliotawala kabla Israeli haijawa na mfalme, kauli ya mtu anayejua kwamba baadaye wafalme walikuja.

Dhana: Hakuna kupingana, ni mitazamo tofauti ya tukio moja

Mitazamo tofauti ipo, na mashahidi wawili wa ajali hawasemi sawa. Lakini soma kifo cha Yuda Iskariote, Mathayo 27 upande mmoja na Matendo 1 upande wa pili.

Kwa Mathayo, Yuda anajuta, anazitupa fedha hekaluni, anakwenda kujinyonga. Makuhani wanaziokota, wanaona haifai kuziweka katika hazina, wananunua shamba la mfinyanzi la kuzikia wageni. Linaitwa Shamba la Damu kwa kuwa fedha zake ni kima cha damu. Kwa Matendo, Yuda mwenyewe ndiye aliyenunua shamba kwa ujira wa udhalimu, akaanguka, akapasuka katikati, matumbo yakamwagika, na habari hiyo ilipoenea shamba likaitwa Shamba la Damu.

Jibu la kawaida ni kwamba alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Sawa, tuikubali kamba. Nani alinunua shamba? Alizirudisha fedha au alizitumia? Jina limetokana na damu ya Yesu au na damu ya Yuda? Kamba haijibu hata moja. Mathayo anaongeza kwamba hilo lilitimiza neno la nabii Yeremia, ilhali vipande 30 vya fedha vilivyotupwa hekaluni vimo katika Zekaria 11.

Goliathi naye kauawa mara mbili. Kila mtoto anajua aliuawa na Daudi. Ila 2 Samweli 21:19 inasema Elhanani, Mbethlehemi, alimuua Goliathi Mgiti, na mkuki unaelezwa kwa sifa ileile, mpini wake kama mti wa mfumaji. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliliona tatizo miaka mingi kabla yangu. Kwake, 1 Nyakati 20:5, Elhanani anamuua Lahmi, ndugu yake Goliathi. Hapo unamwona mhariri akiwa kazini.

Dhana: Akiolojia imeithibitisha Biblia

Imethibitisha vitu, ndiyo. Jiwe lililofukuliwa Tel Dan mwaka 1993 linataja "nyumba ya Daudi", na waliokuwa wakisema Daudi ni wa kubuni tu walilazimika kurudi nyuma. Jiwe la Farao Merneptah, la miaka ya 1200 hivi KK, linaitaja Israeli.

Kisha nenda Yeriko. Mwanaakiolojia Mwingereza Kathleen Kenyon alichimba pale kati ya 1952 na 1958. Alikuta kuta zilizoanguka kweli, lakini kwa hesabu yake mji uliteketea karibu mwaka 1550 KK, mapema mno kwa Yoshua. Katika enzi ambayo Yoshua huwekwa, hakukuta mji wenye ngome ya kuangushwa kwa tarumbeta. Kutoka 12:37 nayo inahesabu wanaume 600,000 wanaotoka Misri kwa miguu, bila watoto. Ukiongeza wanawake na watoto unafika kwenye milioni mbili, wakazunguka miaka 40 katika jangwa la Sinai. Hakuna kambi yao iliyopatikana.

Dhana: Unabii uliotimia ndio muhuri wa Mungu

Ezekieli 26 ni mfano unaopendwa, nami naupenda pia kwa sababu nyingine. Nabii anamtaja Nebukadreza, mfalme wa Babeli, kwa jina: atauzingira mji wa Tiro, atabomoa kuta, ataingia kwa malango, na mji hautajengwa tena, utatafutwa usionekane kamwe. Nebukadreza aliuzingira kweli, miaka na miaka, lakini sehemu ya mji iliyokuwa kisiwani hakuibomoa. Anayekiri ni Ezekieli mwenyewe. Sura tatu mbele, 29:18, anasema jeshi lilifanya kazi nzito hadi kila kichwa kikatoka upara na kila bega likachubuka, na Nebukadreza hakupata ujira kutoka Tiro. Badala yake anaahidiwa Misri.

Watetezi humleta Aleksanda Mkuu, aliyeuteka Tiro mwaka 332 KK. Aliuteka, na mji ukainuka tena. Yesu alikwenda pande za Tiro katika Marko 7. Paulo, kwa Matendo 21, aliteremka Tiro, meli ikashusha shehena, akakaa na wanafunzi siku saba. Kwa mji usioonekana kamwe, walikuwa na bandari nzuri. Uko Lebanoni na watu wanaishi humo hadi sasa.

Dhana: Vitabu vya Biblia vilichaguliwa Nikea na Kaisari Konstantino

Yetu tena, na ni ya uongo. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulibishana kuhusu uungu wa Kristo na tarehe ya Pasaka. Hakuna kumbukumbu kwamba ulipiga kura juu ya vitabu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya la leo imo katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Kanisa Katoliki lilifunga orodha yake rasmi katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546.

Ukweli huu haumsaidii sana anayesema kitabu kilishuka kamili. Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia kwa kawaida huhesabu 81. Wanaponukuu 2 Timotheo 3:16, "kila andiko, lenye pumzi ya Mungu", kila kundi lina rafu yake akilini, na aliyeiandika hakuwa na Agano Jipya la kunyooshea kidole.

Waraka wa Yuda ndio unaonichekesha zaidi. Aya ya 14 na 15 inamnukuu Henoko, "mtu wa saba baada ya Adamu", kuwa alitoa unabii. Maneno hayo yamo katika kitabu cha Henoko, ambacho kizima kimetufikia kwa Kigeezi tu, lugha ya ibada ya Ethiopia. Waethiopia wanacho ndani ya Biblia yao. Karibu wengine wote wana nukuu, kitabu chenyewe walikiacha nje.