Volti nyingi sio silva nyingi, tuelewane leo

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, wiki haiishi kabla mtu hajaja na swali lile lile, fundi una transfoma kubwa kidogo, ya kutengenezea maji ya silva, yale yenye chembe za silva ambayo watu wanakunywa kama dawa, maana hii ya betri naona inachelewa. Na wameshalishana maneno huko mtaani, eti ya volti 12 ni ya kujifunzia, ya 27 ni ya kati, ya volti elfu kumi ndo yenyewe, inatoa silva "kali". Nimechoka kurudia mmoja mmoja kwa hiyo naandika.

Unazamisha nyaya mbili za silva kwenye maji na kuziunga kwenye umeme. Kinachong'oa silva kwenye waya ni karenti na muda, basi. Hesabu yake Faraday aliimaliza miaka ya 1830 huko na haijabadilika: miliampi 1 ikipita saa nzima inatoa miligramu 4 hivi za silva, sasa kama maji yako ni lita moja hiyo ni sehemu 4 kwa milioni, na hapo ndo juu kabisa maana nyingine inaenda kushika waya wa hasi. Miliampi hiyo ukiisukuma kwa volti 9 ni miligramu 4, ukiisukuma kwa volti 900 ni 4 zile zile, tofauti ni kwamba ya pili itakurusha ukishika vibaya.

Volti kazi yake ni kuvusha karenti kwenye maji masafi ambayo mwanzoni hayapitishi umeme vizuri. Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wanapopotelea. Silva ikishaanza kuingia, maji yanapitisha zaidi, karenti inapanda, ikipanda silva inatoka zaidi, inapanda tena, yaani inajikimbiza yenyewe. Mtu anaunga betri tatu za 9V, nyaya mbili kwenye glasi, hakuna resista (kile kidude kidogo cha kuzuia karenti isizidi) wala mita, mwanzoni karenti ni chini ya miliampi moja anaona hamna kitu, anaenda kulala. Asubuhi waya wa hasi umeota manyoya ya kijivu na nyeusi yanakaribia kugusa mwenzake, chini ya glasi kuna matope meusi, ananiletea akifurahia kabisa, fundi imekolea. Haijakolea, imeharibika. Chembe zimekua na kugandana na zile kubwa hazina maana tena, na hapo ni volti 27 tu, ukimpa mia si atazalisha lami!

Dawa yake ni ndogo na ndo wimbo wangu wa kila siku: weka resista. Kwenye volti 27 chomeka ya kilo-omu 27, hata nyaya zikigusana karenti haivuki miliampi 1. Mita iunge kwenye njia ya waya mmoja uione ikisoma, koroga maji, na geuza chanya na hasi kila baada ya muda ili nyaya ziliwe sawa na manyoya yasiote. Resista ni bei ya pipi lakini hakuna anayeitaka, kila mtu anataka transfoma.

Halafu wale wa cheche chini ya maji. Ni kweli njia hiyo ipo na ni ya zamani, Georg Bredig alitengeneza hivyo koloidi za metali, yaani chembe ndogo mno zinazoelea kwenye maji, mwaka 1898, ila hakutumia maelfu ya volti, ni volti za makumi tu na ampia kadhaa, joto la cheche ndo linaivukiza metali. Kwa hiyo hata huko volti sio siri. Transfoma ya maikrowevu inatoa volti kama 2,000 na karenti ya kutosha kuua mtu papo hapo, kwangu huipati hata ulie.

Kuchomeka nyaya moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani ndo usithubutu kabisa. Mbali na kufa, umeme huo ni AC, unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, silva inayotoka nusu ya kwanza sehemu kubwa inarudi nusu ya pili.

Chumvi "kidogo ya kuharakisha": unatengeneza silva kloraidi, unga mweupe unaogeuka kijivu juani. Maji ya bomba nayo yana kloraidi, habari ni hiyo hiyo. Na maji ya kuchemsha sio maji ya mvuke, yale masafi yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, chumvi zake zote zinabaki sufuriani, tena zimezidi maana maji yamepungua.

Rangi ya njano sio nguvu. Chembe ndogo zinafyonza mwanga wa zambarau, karibu nanomita 400, unabakiwa na njano. Yakiwa hayana rangi kabisa na kitochi cha leza hakionyeshi mstari ndani, ujue umepata ioni tu, yaani silva iliyoyeyuka na sio chembe, na mengi ya majumbani ndo hayo hata kama chupa imeandikwa koloidi. Ile mita ya kalamu ya kupimia maji inasoma upitishaji umeme, chembe haizioni.

Kuhusu kunywa, naomba nisiulizwe dozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa hizi za silva hazitambuliki kuwa salama wala kufanya kazi, WHO kwa maji ya kunywa inazungumzia miligramu 0.1 kwa lita, na nyie mnatengeneza 10, mara mia. Ngozi ikishageuka bluu kwa silva hairudi, Paul Karason wa Marekani alitengeneza yake nyumbani hivi hivi na akafa 2013 akiwa bluu. Mgonjwa wa taifodi apelekwe akapimwe apewe antibayotiki.

La mwisho, acheni kuniletea shilingi za mkoloni zenye simba mkidhani ni silva tupu. Zile za 1921 hadi 1946 zina silva asilimia 25, iliyobaki zaidi ni shaba, na shaba ndo itaingia kwenye maji yako. Hata mkufu wa 925, yaani wenye silva asilimia 92.5, una shaba. Kauze kwa wanaokusanya sarafu.