Dawa ya dizeli kwenye lori la zamani: maneno ya dukani na hali halisi ndani ya pampu

Maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na yale ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hayakosi rafu ya vichupa vya kumimina kwenye tenki la dizeli. Kimoja husafisha nozeli (vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini), kingine huongeza nguvu, kingine hula maji, na kipo kinachodai kufanya yote hayo kwa mpigo. Mwenye Scania 113, Fuso ya injini ya 6D22 au Isuzu iliyokwisha kufunguliwa injini mara mbili ndiye anayenong'onezwa zaidi: "Bosi, gari yako ni ya zamani, hii ndiyo inakufaa."

Huenda ikamfaa, huenda isimfae. Dawa hufanya kazi pale mafuta yenyewe yanapopungukiwa na kitu. Pale ambapo chuma ndicho kimelika, haina la kufanya.

"Dizeli ya siku hizi ni kavu. Salfa imetolewa, bila dawa pampu ya zamani inakufa."

Hii ndiyo dhana yenye ukweli mwingi kuliko zote, kwa hiyo tuifungue vizuri.

Ni kweli salfa imepunguzwa. Januari 2015, kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, kutoka 500 za awali. Ni kweli pia kwamba kuna pampu zilizowahi kufa kwa sababu ya dizeli iliyosafishwa mno. Sweden ilileta dizeli ya salfa kidogo sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haukupita muda pampu za mzunguko, zile ambazo kilainishi chao ni dizeli yenyewe, zikaanza kusagika.

Ila mwenye kosa hakuwa salfa. Salfa yenyewe si kilainishi. Kiwanda kinapoitoa kwa kuipitisha dizeli kwenye haidrojeni chini ya joto na shinikizo kubwa, hutoka nayo chembechembe nyingine zenye tabia ya kung'ang'ania uso wa chuma, na hizo ndizo zilizokuwa zikiulinda. Baada ya kisa cha Sweden, ulainishaji ukawekewa kipimo chake. Kijipira cha chuma cha milimita 6 kinasuguliwa juu ya kisahani, vyote vimezama kwenye dizeli yenye joto la nyuzi 60, mara 50 kwa sekunde kwa dakika 75. Kisha kovu lililobaki kwenye kijipira hupimwa kwa hadubini. Ulaya hairuhusu kovu lizidi mikroni 460 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Marekani huishia 520. Mafuta yakishindwa, huongezewa kilainishi kabla hayajamfikia mnunuzi, tena kwa kiasi kidogo sana.

Maana yake, dizeli halali unayojaza kituoni inatakiwa iwe imeshapata dawa hiyo. Chupa ya pili haiharibu, lakini mara nyingi unalipia kitu ulichokwisha kulipia.

Na pampu nazo hazifanani. Pampu ya mstari, ile ndefu iliyo kwenye Scania 113 na Fuso kubwa, kemshafti yake hulainishwa na oili ya injini. Dizeli hulainisha plunja tu, vile vijiti vinavyosukuma mafuta. Pampu ya mzunguko kama ya injini ya 1HZ ya Land Cruiser inaogelea kwenye dizeli mwanzo hadi mwisho. Kama kuna gari la zamani la kuhurumiwa kwa habari ya ukavu wa mafuta, ni hilo la pili, na si semi ambalo dereva wake ndiye hununua chupa.

"Nguvu zimepungua, tia dawa zitarudi."

Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Nusu lita ya dawa ndani ya tenki la lita 400 ni sehemu moja kwa 800. Hata ingekuwa na nishati maradufu, mlima Kitonga usingeona tofauti.

Kinachoweza kurudisha nguvu ni kisafishio, na hiyo ni kama nguvu zimepungua kwa uchafu wa nozeli. Zikiwa zimechafuka tu, dawa nzuri ya kusafisha ikitumika kwenye matenki mawili matatu mfululizo inaweza kuzifungua. Zikiwa zimelika, yaani springi imelegea au ncha imepanuka na kudondosha matone badala ya kutoa ukungu, hakuna kimiminika kitakachorudisha chuma. Tofauti huioni kwa macho ukiwa barabarani. Nozeli inapelekwa kwa fundi pampu, inafungwa kwenye mashine ya mkono, anaisukuma mpaka ifunguke, na anasoma geji. Ikifunguka chini ya shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu cha injini, au ikibaki imelowa ncha baada ya kufunga, jibu limepatikana. Ni kazi ya muda mfupi, na ingefaa itangulie safari ya kwenda dukani kununua chupa.

Dalili nyingine ya kulika ni gari linalowaka likiwa baridi, likishapata moto halitaki. Mafuta ya moto ni mepesi; yanapita kwenye nafasi kati ya plunja na silinda yake badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli. Nafasi hiyo ikiwa mpya ni mikroni chache, ilhali unywele wa mtu hufika 70 hivi. Mafundi wengine humwagia maji pampu ya mzunguko, gari likiwaka wanasema hedi ya pampu imekwisha. Wanasema kweli, japo maji baridi juu ya pampu ya moto yanaweza kuikamata na kuimaliza kabisa. Kitambaa kibichi kinatosha.

"Moshi ni mafuta mabaya."

Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ringi, laina, mihuri ya valvu au tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini). Dawa ya dizeli haifiki huko. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na kwenye lori la zamani mshitakiwa wa kwanza ni chujio la hewa, hasa kwa magari ya barabara za vumbi. Anafuata tabo, paipu ya hewa iliyopasuka, halafu pampu iliyofunguliwa skrubu na mtu aliyetaka "kuiongezea moto". Nozeli huja baadaye, na ndipo kisafishio kinapopata nafasi.

Moshi mweupe wa asubuhi unaokata gari likipata joto ndio unaoweza kupungua kwa dawa ya kuongeza seteni, kipimo cha wepesi wa dizeli kujiwasha inapobanwa. Ulaya inataka seteni isipungue 51, Marekani 40. Dizeli yenye seteni ndogo huchelewa kushika, injini inagonga na kutoa moshi ikiwa baridi. Ila injini ambayo tayari ina seteni ya kuitosha haiongezi nguvu kwa kupewa seteni zaidi. Na tafadhali, dawa ya kuongeza okteni ni ya petroli. Kwenye dizeli inavuta upande wa pili kabisa.

"Hii inakula maji."

Maji hayaliwi. Zipo dawa za aina mbili na wauzaji wengi hawakuambii ipi ni ipi. Ya kwanza huyasaga maji kuwa matone madogo yanayochanganyika na dizeli, yakapita kwenye filta hadi kwenye pampu na nozeli. Humo hutia kutu, na kwenye ncha yenye moto yanaweza kugeuka mvuke ghafla na kuimegua. Ya pili huyatenganisha maji yashuke chini, ambako unayafungulia na kuyamwaga.

Kwa lori la zamani mimi ningechagua ya pili, au nisinunue yoyote. Kwenye joto na unyevu wa pwani, tenki lililolala nusu linatengeneza maji yake lenyewe kila usiku. Utingo akifungua kizibo cha chini ya filta ya maji alfajiri kabla gari halijatikiswa, akakinga kwenye chupa safi, ataona maji yakikaa chini na dizeli juu. Yakitoka kila siku licha ya kujaza tenki jioni, kagua mfuniko wa tenki, kisha kihame kituo kile.

Dawa ya kuua vijidudu vinavyoota mahali maji na dizeli vinapokutana inafaa kwa jenereta au lori lililosimama miezi. Gari linalomaliza tenki kwa siku mbili halina haja nayo.

"Inaokoa mafuta asilimia tano."

Chukua lori linalokula lita 40 kwa kilomita 100 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Litatumia kama lita 360. Asilimia tano ni lita 18. Sasa hesabu vitu vinavyoweza kumeza lita 18 bila kuaga: foleni ya mizani injini ikinguruma, upepo wa mbele, matairi yenye upepo mdogo, tani mbili zilizozidi, dereva mwingine, pampu ya kituo isiyopima sawasawa. Safari moja yenye dawa na moja isiyo nayo hazithibitishi kitu. Anayetaka kujua kweli atumie gari lile lile, dereva yule yule na mzigo ule ule, ajaze tenki hadi shingoni kwenye pampu ile ile, arudie safari nyingi, tena dereva asijue ni lini dawa imo. Sijawahi kumsikia muuzaji akipendekeza hivyo.

"Oili chafu kidogo inalainisha pampu."

Hapana. Oili iliyotolewa kwenye injini ina masizi, vumbi la chuma na kemikali zinazoacha majivu. Vumbi hilo ndilo linalokwangua ile nafasi ya mikroni chache, na majivu huganda kwenye ncha za nozeli. Unalainisha kwa msasa.

"Dawa itaziba pampu inayovuja."

Marekani iliposhusha salfa hadi 500 mwaka 1993, pampu nyingi za zamani zilianza kuvuja. Mipira ya ndani ilikuwa imevimba kwa miaka kwenye dizeli ya zamani. Mafuta yalipobadilika ikasinyaa, na iliyokwisha kukakamaa ikashindwa kuziba. Tiba ilikuwa kubadilisha mipira, na ndivyo ilivyo leo kwa pampu yoyote inayolowa dizeli nje.

Na mafuta ya kuchakachua je?

Hapa ndipo mwenye chupa angalau ana hoja. Mafuta ya taa, ambayo wachakachuaji huyachanganya na dizeli, ni mepesi na hulainisha vibaya kuliko dizeli, kwa hiyo pampu iliyolika huumia maradufu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusilipe. Ukilazimika kujaza mahali usipopaamini, kilainishi kilichotengenezwa kwa ajili ya dizeli ni kinga yenye mantiki. Fuata kipimo cha kwenye lebo. Ukizidisha huongezi ulinzi.

Ukitumia kisafishio kwenye tenki ambalo halijaoshwa miaka kumi, beba filta ya akiba. Uchafu uliong'ang'ania utaachia, na mahali utakaposimama ni kwenye filta, pengine katikati ya Mikumi.

Kuhusu chupa inayojinadi kuwa "imesajiliwa na EPA ya Marekani", yaani wakala wa mazingira wa nchi hiyo: usajili huo ni sharti la kisheria kwa watengenezaji wa dawa za mafuta ya magari ya barabarani kueleza kilichomo ndani. EPA haithibitishi kwa usajili huo kwamba dawa inaokoa mafuta au inarefusha maisha ya pampu.